4,294,967,297: namba kubwa inayodhaniwa kuwa tasa

Dhana iliyozoeleka ni kwamba namba witiri ndefu, ikiishia na 7 na isipogawanyika kwa 3, 7 wala 11, basi ni tasa. Ijaribu kwa 4,294,967,297. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haiingii. Ukigawanya kwa 7 inabaki 5. Kwa 11 na 13 nako hupati kitu. Lakini si tasa: ni 641 × 6,700,417.

Mwanahisabati Pierre de Fermat naye, katika karne ya 17, aliamini kuwa ni tasa. Alikuwa na sababu, kwani 2¹+1, 2²+1, 2⁴+1, 2⁸+1 na 2¹⁶+1 ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa. Inayofuata, 2³²+1, ndiyo namba yetu. Mifano mitano, hata ikipendeza namna gani, haithibitishi kanuni. Mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, aliipasua mwaka 1732.

Je, ni lazima kuijaribu kwa kila namba iliyo ndogo kuliko yenyewe? La. Ukifika kwenye kipeuo chake cha pili, yaani 65,536 na kidogo, unaweza kuacha. Chini ya hapo kuna namba tasa 6,542, nazo bado ni nyingi kwa mtu mwenye kalamu tu. Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Zinazofaa zinaanza 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu!

Tena unaweza kuhakikisha bila kugawanya. 641 ni 5×2⁷+1, na pia ni 5⁴+2⁴. Kwa hesabu ya mabaki ya 641, yaani namba mbili huhesabiwa sawa zikitofautiana kwa kigawe cha 641, 5×2⁷ ni sawa na −1, hivyo ukiipandisha kwa kipeo cha 4, 5⁴×2²⁸ ni sawa na 1. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴: −2³² ni sawa na 1, kwa hiyo 2³²+1 haiachi baki. Kwangu mimi, hesabu chache zinapendeza kuliko hii.

Wengine hudhani namba ikiwa kubwa ina vigawo vingi. Hii ina vinne tu, ilhali 5,040 ina 60. Jirani yake 4,294,967,296 ina 33, vyote vipeo vya 2. Anayetangulia, 4,294,967,295, ni 3×5×17×257×65,537, zile tano za Fermat zikizidishwa pamoja, na ina vigawo 32.

Dhana ya mwisho: ukijua namba si tasa, basi unavijua vigawo vyake. Chukua 2 kwa kipeo cha 1,048,576, ongeza 1. Namba hiyo ina tarakimu 315,653. Tangu 1987 inajulikana kuwa si tasa, ila ukiacha 1 na yenyewe, hakuna kigawo chake hata kimoja kilichopatikana.