Uvimbe usio saratani unaoleta kifafa kwa watoto: maswali ya wazazi

Mwanangu haanguki wala hatoi povu. Mwalimu anasema huwa "anapotea" tu. Hicho nacho ni kifafa?

Inawezekana kabisa. Mtoto anakula vizuri, mara anasema, "Mama, tumbo linapanda." Macho yanakodoka, midomo inatafuna bila chakula, vidole vinachezea kifungo cha shati. Baada ya dakika moja au mbili amerudi, na hakumbuki kitu. Wengine watasema ana mashetani, wengine ni mtundu. Degedege la namna hii mara nyingi huanzia sehemu ya ubongo iliyo upande wa panja, na uvimbe tunaouzungumzia hupenda kukaa hapohapo.

Ni uvimbe gani? Ni saratani?

Si saratani. Aina zinazojulikana zaidi ni ganglioglioma na DNET, na Shirika la Afya Duniani limeziweka daraja la 1, la chini kabisa. Hukua polepole mno, pengine hata hazikui. Mtoto anaweza kukaa nayo miaka bila kuumwa kichwa wala kutapika. Shida ni kwamba uvimbe huo, pamoja na ubongo unaouzunguka, hurusha umeme ovyo.

Alipigwa CT-scan, wakasema yuko safi.

CT-scan huweza kuupita uvimbe mdogo. Kipimo chenyewe ni MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku. Ni ghali, najua, lakini kwa degedege linaloanzia sehemu moja ya ubongo, hicho ndicho cha kuulizia.

Tumeshabadilisha dawa mara tatu.

Hesabu ya madaktari ni hii: dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa dozi sahihi, zimemezwa bila kuruka siku, na degedege bado lipo. Hapo kifafa kimekuwa sugu. Badala ya kuongeza dawa ya nne, omba rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, aangalie kama uvimbe unaweza kutolewa kwa upasuaji. Tanzania kuna MOI, Taasisi ya Mifupa inayotibu pia ubongo, pale Muhimbili, Kenya kuna Hospitali ya Kenyatta.

Kupasuliwa kichwa! Si atapooza?

Hatari ipo, na inategemea uvimbe umekaa wapi: karibu na eneo la lugha, la kumbukumbu, au la mkono na mguu. Ndiyo maana daktari hupima kwanza. Lakini uvimbe ukitolewa wote, watoto wengi hawapati degedege tena, na waliofanyiwa mapema hupona vizuri zaidi kuliko waliosubiri miaka. Dawa ataendelea nazo kwanza. Daktari ndiye atakayezipunguza, kidogo kidogo.