Ilimba ya Zawose haikuzaliwa pwani

Ukipita jirani na chuo cha sanaa Bagamoyo ukasikia ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, inalia, mwenyeji atakuambia bila kusita: "Huo ndio muziki wetu wa pwani." Simlaumu, ameusikia tangu utotoni. Ila pwani ina ngoma yake, mdundiko. Ilimba ni mhamiaji.

Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyeipeleka Ulaya na kwingineko, alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyekulia kwenye kuchunga ng'ombe. Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita Dar es Salaam miaka ya 1960. Baadaye akaja Bagamoyo, akafundisha chuoni, akaishi hapo mpaka alipofariki mwaka 2003.

Itazame ilimba kwa karibu. Ni sanduku la mbao, juu yake vyuma vyembamba vimepangwa safu. Vingine havipigwi kabisa. Hutetema vyenyewe jirani zao wakiguswa. Tundu la usoni hufunikwa utando wa buibui, na huo ndio unaoleta ule mvumo kama wa nyuki. Mgeni hudhani spika imeharibika.

Wengine husema kwa akina Zawose kipaji kimo kwenye damu. Hapana, ni mazoea ya nyumbani. Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, kwa miaka mingi walikuwa waitikiaji, maana kwa desturi ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha. Sasa wao ndio wako mbele.