Eti ukikosea basi wewe ni mnafiki? Tuongee kidogo

Hili neno mnafiki siku hizi linarushwa ovyo, mtu akijulikana tu ni wa kanisani halafu akateleza kidogo utasikia "si mnawaona hao". Mi nimeshaitwa hivyo na nimeshawaita wenzangu hivyo, sasa nilivyokaa na Biblia vizuri nikaona mengi tunayosema hayapo kabisa.

Dhana: Mkristo akitenda dhambi ni mnafiki

Hapana jamani. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki na neno lenyewe ni hypokrites, mwigizaji wa jukwaani, yule anayevaa kinyago anacheza mtu ambaye sio yeye. Kwahiyo swali sio umeanguka au hujaanguka, swali ni unaigiza?

Angalia Anania na Safira, mtu na mkewe waliouza kiwanja wakaleta hela kwa mitume, Matendo 5. Wengi tunadhani kosa lao lilikuwa kubakiza hela ya kiwanja, kumbe Petro mwenyewe anamwambia Anania kiwanja kilikuwa chako na hata baada ya kuuza hela ilikuwa mikononi mwako, yaani angeleta nusu akasema hii ni nusu hakuna ambaye angemgusa. Ila alitaka sifa ya mtu aliyetoa yote huku mfukoni amebakiza, na mkewe akaulizwa bei kabisa, akapewa nafasi ya kusema ukweli, akajibu ndiyo, ni thamani hiyo. Hapo ndo unafiki ulipo. Daudi alifanya mabaya makubwa kuliko hayo, alizini akaua, akaficha pia, lakini nabii Nathani alivyomwambia wewe ndiwe mtu huyo hakubisha, alisema nimemfanyia Bwana dhambi. Kinyago chini.

Dhana: Kuomba wakati hujisikii ni unafiki

Hii imewafanya wengi waache kuomba kabisa, wanasubiri mzuka. Soma Zaburi ya 42, jamaa anaisemesha nafsi yake mwenyewe, mbona umeinama, mtumaini Mungu, maana yake moyo ulikuwa bado haujafika anapotaka ufike na anauvuta. Kumwambia Mungu "leo nimechoka sina hata maneno" ni sala. Unafiki wa Mathayo 6 ni mwingine, wale wanaopenda kusali wamesimama kwenye pembe za njia ili waonekane, na wakifunga wanakunja sura watu wajue.

Na hapa nijiseme mwenyewe. Kwenye grupu letu mtu aliandika mama yake amelazwa, nikaweka emoji ya mikono na "tuko pamoja katika maombi", nikafunga simu nikaendelea na muvi yangu. Sikuomba hata sentensi moja. Wiki mbili mbele tukakutana mlangoni kanisani akanishika mkono kwa nguvu, asante sana kwa kutuombea, na mimi nikajibu amina! Ile amina ndo iliniuma kuliko kusahau kwenyewe.

Dhana: Kuwa halisi ni kusema chochote, "mi ndo nilivyo"

Huo ni ukorofi tu umepewa jina zuri. Tuendelee.

Dhana: Kanisa limejaa wanafiki, bora nibaki nyumbani

Wapo kweli, sitabisha. Lakini hata wakati wa mitume walikuwepo, tena Petro mwenyewe! Wagalatia 2, pale Antiokia alikuwa anakula na watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, freshi kabisa, walipofika Wayahudi wenzake kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaanza kujitenga taratibu, akiwaogopa, na Barnaba naye akabebwa. Paulo akampinga uso kwa uso mbele ya wote. Unafiki ule ulitoka kwenye woga wa macho ya watu, na hii ya woga naona ndo inayotukamata wengi kuliko ubaya wa moyo. Paulo hakususa kanisa wala Petro hakufukuzwa. Na ukibaki nyumbani nani atakuambia ukiwa unaigiza?

Mimi siku hizi mtu akiandika shida yake naomba hapohapo kabla sijatuma kitu, hata kama ni maneno matano. Siku nyingine sina nguvu, siandiki chochote, na yule dada wa grupu nilishamwambia ukweli. Alicheka, akasema na yeye huwa anafanya hivyohivyo.