Redio ya Taifa ni Mali ya Nani? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Uhuru wa Utangazaji wa Umma

Ikifika saa mbili kamili usiku hapa Mtwara, mazungumzo ya barazani hupungua. Redio ndogo iliyofungwa kwa mpira ili betri zisichomoke, yenye waya wa shaba uliotundikwa kwenye tawi la mwembe, huwekwa kati ya vikombe vya kahawa, na taarifa ya habari huanza. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilivitaka hata vituo binafsi vijiunge na chombo cha umma, yaani redio ya taifa ya TBC, kwa taarifa hiyo, kwa hiyo anayebadili stesheni hukuta sauti ni ileile. Wazee waliokulia enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, redio ya taifa ya wakati ule, wanakumbuka jinsi walivyopata habari za misiba ya ndugu zao redioni kabla mjumbe hajafika kijijini. Chombo kilichoaminiwa kiasi cha kumtangazia mtu kifo cha mama yake kina uzito mkubwa, na ndiyo maana inaniuma kuona mazungumzo juu ya uhuru wake yakijengwa juu ya mambo ambayo si kweli.

Dhana: “Chombo cha umma ni chombo cha serikali, na mwenye mali ana haki ya kukitumia apendavyo.”

Hii ndiyo dhana mama, na nyingine nyingi huzaliwa humu. Serikali ni uongozi uliopewa dhamana kwa muda. Umma ni wananchi wote, waliokipigia kura chama kilichoshinda, waliokipigia kilichoshindwa, na wasiopiga kura kabisa. Fedha za kuendesha chombo cha umma hutoka katika kodi, na mkulima wa Tandahimba ambaye hukatwa makato kabla bei ya korosho zake haijamfikia mkononi ni mwenye mali sawasawa na waziri. Waziri ni msimamizi tu.

Tumechanganya mambo haya kwa sababu ya historia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951 chini ya wakoloni. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 shirika hilo likavunjwa na redio ikawekwa moja kwa moja chini ya wizara. Kwa miongo zaidi ya mitatu mtangazaji alikuwa mtumishi wa wizara kama alivyokuwa karani wa masjala. Shirika la Utangazaji Tanzania, yaani TBC, lilianzishwa kisheria mwaka 2007 kama shirika la umma, lakini mazoea ya kizazi kizima hayafutwi kwa kubadili jina kwenye bango la ofisi. Tamko la misingi ya uhuru wa kujieleza lililopitishwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2002 lilisema wazi kwamba vyombo vya utangazaji vya dola vigeuzwe kuwa vya umma, vikiwajibika kwa wananchi kupitia bunge na si kupitia serikali iliyoko madarakani.

Dhana: “Shinikizo la kisiasa ni pale waziri anapopiga simu chumba cha habari.”

Simu hupigwa, hilo halikatazwi kusemwa. Lakini anayesubiri ushahidi wa simu hataona shinikizo hata liwe limemkalia puani. Mara nyingi shinikizo hupita kwenye milango mitatu isiyopiga kelele: uteuzi, bajeti na woga.

Tuanze na uteuzi. Kwetu Mkurugenzi Mkuu wa TBC huteuliwa na Rais. Simsemi mteuliwa yeyote kwa ubaya, maana wamekuwepo wenye taaluma na moyo. Nasema juu ya muundo. Mwaka 2010 TBC, ikiongozwa na Tido Mhando, iliendesha midahalo ya wagombea ubunge iliyowatazamisha wananchi jambo ambalo hawakulizoea. Mwisho wa mwaka huohuo mkataba wake haukuongezwa, na watu wengi waliunganisha mambo hayo mawili. Hata kama uamuzi ule ulikuwa wa kawaida wa kiutawala, kila mhariri aliyebaki alijifunza somo moja, na hakuna barua yoyote iliyohitajika kulifundisha.

Wajerumani walilikabili jambo la aina hii mahakamani. Mwaka 2009 wanasiasa waliokuwa na viti katika bodi ya utawala ya televisheni ya umma ya ZDF walizuia mkataba wa mhariri mkuu wake, Nikolaus Brender, usiongezwe. Kesi ilifika Mahakama ya Katiba, na mwezi Machi 2014 ikaamuliwa kwamba wajumbe wenye uhusiano na dola wasizidi theluthi moja katika vyombo vya usimamizi vya shirika hilo. Ghana nayo, katika katiba yake ya mwaka 1992, ilikabidhi kazi ya kuteua bodi za vyombo vya habari vya dola kwa Tume ya Taifa ya Vyombo vya Habari, kwa kushauriana na Rais. Hakuna muundo usiopenyeka, lakini kuta mbili si sawa na ukuta mmoja.

Bajeti nitaigusa katika dhana inayofuata. Woga nimeuona kwa macho yangu. Msimu mmoja wa minada ya korosho nilikuwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika kiongozi alipofika kwa ziara. Mwandishi aliyekuja kumrekodi alishuka kwenye gari la msafara, kwa kuwa kituo chake hakikuwa na usafiri wa kumfikisha huko. Hotuba ilipokwisha, mama mmoja mwenye stakabadhi iliyokunjwa mara nne kwenye pindo la khanga alimsogelea mwandishi yule kijana na kuanza kueleza kwamba malipo ya msimu uliotangulia hajayapata yote. Kijana aliinua kinasa sauti, akatazama magari yaliyokwisha kuwashwa, akakishusha. Alimwambia, “Mama, nitarudi.” Hakuna aliyemkataza kumrekodi yule mama. Gari lilikuwa la mwingine, njia ya kurudi mjini ilikuwa moja, na usiku ule tulisikia hotuba peke yake.

Dhana: “Anayepewa ruzuku na serikali hawezi kamwe kuwa huru, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.”

Dhana hii huwapendeza wanaotaka chombo cha umma kife kabisa, na kwa upande mwingine huwapa visingizio wanaokitawala. Ukitaka kuipima, sikiliza wazee wetu wanachofanya habari zinapokuwa nzito: husogeza mshale watafute BBC au Deutsche Welle. Zote mbili ni vyombo vya umma. Deutsche Welle huendeshwa kwa fedha za bajeti ya serikali kuu ya Ujerumani, na huduma ya dunia ya BBC hulipwa kwa ada ya leseni ya Waingereza pamoja na ruzuku ya serikali yao. Msikilizaji wa Newala anayekimbia redio yake ya umma anakimbilia redio ya umma ya watu wengine. Kinacholeta tofauti ni kanuni za namna fedha zinavyotolewa, kwa muda gani, na nani anaweza kuzikata mwaka huu kwa sababu alichukizwa mwaka jana.

Dhana: “Suala la gharama si suala la siasa.”

Tarehe 27 Januari 2016 Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari na mbunge wa Mtama katika mkoa wetu jirani wa Lindi, aliliambia Bunge kwamba TBC ingeacha kurusha moja kwa moja sehemu kubwa ya vikao vyake kwa sababu ya gharama. Wabunge wa upinzani walipinga, na siku ile polisi waliingia ukumbini kuwatoa baadhi yao. Gharama za kurusha matangazo kutoka Dodoma ni za kweli, na sidhani ni haki kuzidharau. Lakini kipimo kimoja chepesi kinatosha: nani alifanya uamuzi, na nani aliutangaza? Katika chombo huru, mhariri ndiye angepima faida ya vikao kwa wananchi dhidi ya fedha alizonazo, kisha angewaeleza wasikilizaji. Hapa maelezo yalitoka mdomoni mwa waziri, akijibu kwa niaba ya serikali ambayo vikao hivyo vipo ili kuihoji.

Dhana: “Wenzetu Ulaya walishamaliza tatizo hili.”

Hapana. Serikali ya Ugiriki ilizima shirika la utangazaji la umma la ERT usiku mmoja wa Juni 2013. Nchini Poland serikali iliyoingia mwaka 2015 iliiweka televisheni ya umma ya TVP mkononi mwake, na iliyofuata mwishoni mwa 2023 ikafukuza uongozi ule kwa njia ambayo wanasheria waliizozania. Huko Uingereza mwenyekiti wa BBC, Richard Sharp, alijiuzulu mwaka 2023 kwa kutoeleza jinsi alivyohusika na mpango wa mkopo wa waziri mkuu aliyempendekeza. Karibu nasi, SABC, shirika la utangazaji la umma la Afrika Kusini, ilipiga marufuku mwaka 2016 picha za waandamanaji wakiharibu mali, na wanahabari wanane waliohoji wakafukuzwa. Lakini mamlaka ya usimamizi wa mawasiliano iliamuru marufuku hiyo iondolewe, na mahakama ikawa kimbilio la wanahabari hao. Tofauti ni kwamba kwingine kuna mahali pa kupeleka shauri.

Dhana: “Nchi ikiwa na mvutano, redio ya taifa inyamaze ili amani idumu.”

Wanaoitetea hukumbusha enzi za ukombozi, wakati FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilipokuwa na kambi Nachingwea na matangazo yake yakirushwa kutoka Dar es Salaam. Ni historia ya kujivunia, lakini ile ilikuwa sauti iliyotangaza wazi upande wake dhidi ya ukoloni wa Wareno. Mgogoro wa wananchi wenyewe kwa wenyewe, au wa wananchi na serikali yao, hauna upande ambao redio ya umma inaweza kuuchagua bila kuwapoteza walioko upande wa pili, ambao nao ni wamiliki.

Mtwara tuliyaona. Desemba 2012 watu waliandamana kuhoji kwa nini gesi isafirishwe kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, maduka yalifungwa, watu wakakaa wasikilize, kisha mji ukalipuka. Watu walipoteza maisha, nyumba zilichomwa, na miongoni mwa waliochomewa ni mwandishi wa TBC. Kumchomea mtu nyumba ni uhalifu, na kwa mwandishi ni dhuluma maradufu, kwa sababu aliadhibiwa kwa maamuzi ambayo hakuyafanya. Lakini lazima tujiulize kwa nini watu wenye hasira na serikali waliuona mlango wake kuwa mlango wa serikali. Ukimya haukuleta utulivu. Uvumi ulijaza nafasi iliyoachwa wazi, na hata maelezo ya kweli ambayo serikali ilikuwa nayo kuhusu gesi yalikosa msemaji wa kuaminika.

Dhana: “Haya ni mambo ya wasomi wa mjini, hayamhusu mkulima.”

Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za mnada, Rais Magufuli aliagiza korosho zote zinunuliwe na serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Ukafuata uhakiki wa wenye mashamba ili kuwabana wanunuzi wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi, na baadhi ya wakulima walisubiri fedha zao hadi mwaka uliofuata, ada za shule zikiwa zimefika na dawa ya kupulizia mikorosho ikiwa haijanunuliwa. Hapo ndipo chombo cha umma kina kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya kwa ukubwa ule: kumketisha mkulima wa Newala, kiongozi wa chama kikuu cha ushirika na ofisa wa wizara katika studio moja, bila msafara, na kumwacha mkulima aulize mbele ya nchi nzima, “Fedha yangu inaingia tarehe ngapi?”