Fleti uliyonunua: maji yajaribiwe kwanza, rangi iwe ya mwisho

Mtu akishakabidhiwa funguo za fleti yake, iwe Upanga, Kinondoni au Kigamboni jijini Dar es Salaam, hamu ya kwanza huwa rangi na makochi. Fundi rangi huitwa wiki hiyohiyo. Mwezi haujaisha, fundi bomba naye anaitwa kupasua ukuta uleule, kwa kuwa bafu linamvujia jirani wa chini. Kazi inalipwa mara mbili na ujirani umeanza kwa lawama.

Tunasisitiza utaratibu huu: vianze vilivyofichika, yaani mabomba, njia za majitaka na nyaya, vifuate sakafu na vigae, halafu madirisha na makabati, rangi iwe ya mwisho. Na kabla ya fundi yeyote kushika nyundo, fanya ukaguzi wa siku mbili. Unahitaji tochi, futi kamba, sarafu, ndoo, kizibo cha tundu la maji, chaki na daftari. Kila kasoro iandikwe na kupigwa picha. Kama fleti ni mpya, soma mkataba uone kipindi ambacho mjenzi anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama zake; mara nyingi ni kati ya miezi 6 na 12. Ukishafunika kasoro kwa vigae vyako, itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba uliikuta.

Mita kabla ya mafundi

Katika jengo la fleti nyingi, mita hukaa pamoja chini au kwenye korido, na namba huchanganywa. Zima swichi kuu ndani ya fleti yako, kisha katazame mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, uliyoelekezwa. Taa nyekundu inayomwekamweka inapaswa kutulia. Ikiendelea, ama hiyo si mita yako, ama kuna mtu mwingine amefungwa kwenye laini yako. Kisha nunua umeme kidogo, uone kama kuna deni linakatwa. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, kwa hiyo mita iliyokaa miezi bila kununuliwa umeme inaweza kuwa na limbikizo. Deni la muuzaji limalizwe naye kabla hujamlipa fungu la mwisho.

Mita ya maji ipimwe hivyohivyo. Funga koki zote, subiri vyombo vya choo vijae, andika namba ya mita, rudi baada ya saa moja. Kama kigurudumu kidogo kimezunguka, kuna maji yanapotea. Mara nyingi ni choo. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usi-flashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka, na huo hubadilishwa kwa bei ndogo. Kama choo ni kizima na mita bado inazunguka, bomba la ukutani linavuja, na hilo lishughulikiwe kabla ya kitu kingine chochote.

Tafuta pia koki kuu ya fleti yako na uifunge mpaka mwisho. Koki isiyofunga ibadilishwe sasa. Siku bomba la sinki litakapofyatuka usiku hutakuwa na muda wa kumtafuta mlinzi mwenye ufunguo wa chumba cha pampu.

Kilicho chako na kilicho cha wote

Nchini Tanzania, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inampa mnunuzi hati ya sehemu yake, lakini nguzo, mihimili, paa, ngazi na mabomba makuu hubaki mali ya pamoja chini ya umoja wa wamiliki. Kwa hiyo hakuna kupasua nguzo ili kupitisha bomba, wala kubomoa ukuta ili kupanua sebule, bila mhandisi kuuona na umoja kuridhia kwa maandishi. Hata mfereji mdogo wa waya una kipimo chake: kwenye ukuta, mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene, wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Ukuta wa tofali la inchi 6 ni milimita 150, hivyo ni milimita 50 kwa wima na 25 tu kwa mlalo. Tofali likiwa na matundu ndani, punguza zaidi.

Kuna jambo moja linalopuuzwa sana, nalo ni uzito. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 za watu na vyombo kwa kila mita ya mraba. Kwa sababu ya mgao wa maji, wengi huweka simtanki la lita 1,000 kwenye varanda. Hiyo ni tani nzima juu ya eneo lisilofika hata mita moja ya mraba. Varanda nyingi hushikiliwa upande mmoja tu, na ufa wake wa hatari huanzia juu, penye vigae, ambapo hauonekani. Kama lazima uweke akiba ya maji ndani, tumia matangi madogo, uyatawanye, yakae karibu na kuta zinazobeba jengo. Vivyo hivyo kwa anayetaka kuinua sakafu: zege laini la sentimita 5 lina uzito wa takriban kilo 100 kwa mita ya mraba, na chumba cha mita 3.5 kwa 4 kitaongezewa tani 1.4. Usifanye hivyo bila mhandisi.

Bafu lilale na maji saa 24

Hiki ndicho kipimo tunachomwomba kila mnunuzi asikiruke. Ziba tundu la sakafuni kwa kizibo au kitambaa kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mlangoni weka kizuizi cha udongo mfinyanzi au saruji laini. Mwaga maji mpaka yafike sentimita 2 hadi 3, weka alama ya chaki ukutani, yaache saa 24. Zungumza na jirani wa chini mapema, ili uende kutazama dari lake mwanzoni na mwishoni. Maji yakipungua milimita moja au mbili ni ya kukauka tu. Yakishuka zaidi ya hapo, au dari la chini likionyesha doa, sakafu haina kinga.

Ukizibua, tazama maji yanavyokimbia. Yakibaki madimbwi, mteremko ni mbaya. Sakafu ya bafu inahitaji kushuka sentimita 1 hadi 1.5 kwa kila mita kuelekea tundu.

Bafu likifeli, kupaka silikoni kwenye viungo au kujaza grauti mpya hakutibu. Grauti hupitisha maji. Kinacholizuia jengo lisilowe ni kinga iliyo chini ya kigae. Vigae ving'olewe, sakafu isafishwe, mteremko urekebishwe, kisha ipakwe kinga ya maji ya jamii ya saruji, makoti mawili, la pili likivuka la kwanza. Kona zote kati ya sakafu na ukuta, na kuzunguka kila bomba, ziwekewe utepe wa neti kwanza, kwani hapo ndipo kinga hupasuka jengo linapocheza. Kinga ipande ukutani sentimita 30, na kwenye eneo la kuogea ifike mita 1.8. Matumizi ni karibu kilo 3 kwa mita ya mraba kwa makoti mawili, ila fuata maelezo ya mfuko. Fundi akiwa na kilo 5 tu kwa bafu lote, jua anapaka rangi. Ikikauka, rudia kipimo cha saa 24 kabla ya kubandika kigae hata kimoja. Mafundi wengi watanung'unika kwa siku hiyo inayopotea, shikilia msimamo.

Harufu ya majitaka katika fleti iliyokaa tupu isikutishe haraka. Chini ya sinki na chini ya tundu la sakafu kuna kona ya bomba inayobaki na maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya chemba na mende. Fleti ikifungwa kwa wiki kadhaa yanakauka. Mimina lita moja kila tundu, subiri siku moja. Harufu ikibaki, pengine kona hiyo haikuwekwa kabisa, au bomba la kupumulia limeziba.

Hita na chumvi ya visima

Hita ya lita 80 ikijaa ina uzito unaokaribia kilo 100. Ukuta wa tofali zenye matundu haubebi uzito huo kwa skrubu na plagi za plastiki. Tumia bolti zinazopenya upande wa pili, zenye bamba. Valvu ya usalama, ambayo hufunguka presha ikizidi, iwe na bomba lake la kutolea maji mpaka kwenye tundu. Isizibwe kamwe kwa sababu inadondosha matone. Hita inapochemka maji hutanuka, na valvu iliyozibwa hugeuza tangi kuwa bomu.

Majengo mengi ya Dar es Salaam huchanganya maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na ya kisima, na visima vingi vya huku vina chumvi. Chumvi hula koili na tangi. Ndani ya hita kuna fimbo ya metali ya magnesi (magnesium) iliyowekwa ili iliwe badala ya tangi. Ikaguliwe kila mwaka, na ikibaki nyembamba ibadilishwe.

Umeme

Fungua boksi la sakiti breka. Tafuta kifaa chenye kitufe kilichoandikwa T, na pembeni yake alama ya 30 mA. Hicho hukata umeme unapovuja kupitia mwili wa mtu. Kibonyeze, umeme ukiwa umewaka, kinapaswa kuzima papo hapo. Kisipozima, au kisipokuwepo, kiwe cha kwanza kununuliwa, kabla hata ya friji.

Kisha linganisha breka na waya wake. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi. Hita ya kilo wati 3 huvuta karibu ampea 13 kwenye umeme wa volti 230, na iwe na laini yake yenyewe. Shawa ya papo hapo ya kilo wati 5.5 huvuta ampea 24. Hiyo inahitaji waya usiopungua 4, na safari ikiwa ndefu, 6. Kosa linalounguza nyumba ni hili: breka inakatikakatika, fundi anaondoa ya ampea 20 na kuweka ya 32 huku waya ni uleule wa 2.5. Breka imenyamaza, lakini waya sasa unapikika ndani ya lipu. Breka inayokatika mara kwa mara imekwambia kuna kosa; litafutwe.

Waya wa ardhi nao mara nyingi upo kwenye soketi lakini haujafika popote. Mpe kazi ya kupima fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwombe majibu kwa maandishi: ubora wa insulesheni, upinzani wa ardhi, na muda wa kifaa cha 30 mA kukata. Nyaya zikihamishwa, piga picha ukuta ukiwa wazi, futi kamba ikionekana. Picha hizo zitakuokoa siku ya kutundika kabati.

Sakafu, madirisha na rangi

Gonga kila kigae kwa sarafu. Chenye sauti ya utupu hakijashika, na kitapasuka kitanda kikiwekwa juu yake. Kwa chumba cha mita 14 za mraba ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika: mita 15.4. Boksi la vigae vya 60 kwa 60 huwa na vipande vinne, mita 1.44, kwa hiyo maboksi 11, yote yenye namba ileile ya uzalishaji, la sivyo rangi itatofautiana. Acha nafasi ya milimita 5 kati ya kigae na ukuta, ifichwe na skatingi. Vigae vilivyobanwa ukuta kwa ukuta huja kuinuka katikati wakati wa joto.

Madirisha ya aluminiamu yana vitundu vidogo kwenye reli ya chini vya kutolea maji ya mvua. Vikizibwa na saruji, masika maji hufurika ndani. Vizibue kwa waya, kisha mwagia dirisha kwa mpira dakika 10 ukiwa na mtu ndani. Na kwenye grili za madirisha, angalau moja katika kila chumba cha kulala ifunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo.

Rangi sasa. Lipu mpya ipewe kama wiki nne. Kwa ukuta wenye mashaka, bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zikizibwa kwa gundi, iache usiku na mchana. Ikiwa na matone upande wa ndani, ukuta bado una maji na rangi itabanduka. Unga mweupe unaotoka ukutani ni chumvi, aghalabu kutoka kwenye mchanga wa pwani au maji ya kisima yaliyochanganyiwa lipu. Upigwe brashi ukiwa mkavu. Ukiuosha unaurudisha ndani. Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa koti moja. Chumba tulichokitaja cha mita 3.5 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.8, kina ukuta wa takriban mita 37 ukitoa mlango na madirisha, hivyo makoti mawili ni lita 8, bila dari.

Mtungi wa gesi ufungwe baada ya makabati. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, kwa hiyo kabati la mtungi litobolewe matundu usawa wa sakafu, na pasiwe na soketi humo. Viungo vya mpira vipakwe maji ya sabuni. Povu likitokea, funga valvu, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, iwe kuwasha au kuzima. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, ibandikwe ndani ya mlango wa jikoni pamoja na namba ya jirani wa chini na ya msimamizi wa jengo.