Je, wajua kwa nini bomba la zambarau halifungwi koki?

Ukipita kwenye bustani za majengo makubwa ya ofisi huko California, Marekani, utaona mabomba na vifuniko vya rangi ya zambarau. Jambo moja hutaliona mahali ambapo umma unafika: koki ya kawaida iliyofungwa kwenye bomba hilo, ile ambayo mtoto mwenye kiu angeweza kuifungua akakinga viganja. Kanuni za jimbo zinaikataza. Fundi wa bustani hutumia kiungio maalumu kinachofunguka kwa kifaa chake tu, na kifaa hicho hakiruhusiwi kufanana na kile cha bomba la maji ya kunywa.

Maji yaliyomo ni majitaka yaliyosafishwa upya, na yamesafishwa kwelikweli. Yamechujwa, yametiwa dawa, na kanuni hizo zinataka kwamba vipimo vya siku saba, ukichukua kile cha katikati, visizidi bakteria 2.2 wa kundi la kolifomu katika kila mililita 100. Ukiyatia kwenye glasi, jicho halitayatofautisha na maji ya kunywa. Kwa kuwa maji yenyewe hayana dalili, dalili ikawekwa kwenye bomba.

Zambarau ilianzia kwa mamlaka ya maji ya Irvine Ranch, kusini mwa California, miaka ya 1980. Rangi nyingi zilikuwa na kazi tayari, maana Marekani bluu huonyesha maji ya kunywa yapitayo ardhini, kijani majitaka, njano gesi, nyekundu umeme, na chungwa nyaya za simu. Mwaka 1991 mamlaka hiyohiyo ilikuwa ya kwanza nchini humo kupata kibali cha afya cha kupeleka maji hayo ndani ya maghorofa ya ofisi, yatumike kuvuta vyoo. Tangu hapo jengo moja likawa na mifumo miwili ya maji safi kwa macho, mabomba yakipanda bega kwa bega ndani ya ukuta uleule.

Majumbani kwetu jambo hili si geni. Maji ya kufulia hayamwagwi, yanakaa kwenye ndoo yakisubiri choo. Lakini ndoo ile ina mwenyewe, aliyeijaza anajua kilichomo. Ndani ya ukuta wa ghorofa ya ishirini hakuna anayejua. Miaka kumi baadaye anakuja fundi bomba mwingine kubadilisha sinki, anatoboa, anakuta mabomba mawili, na ana haraka. Kwa maoni yangu, viwango vya ujenzi wa mifumo hii vimeandikwa kwa ajili ya fundi yule kuliko mtu mwingine yeyote.

Hofu hiyo ina sababu. Leidsche Rijn, mtaa mpya wa jiji la Utrecht, Uholanzi, ulijengwa kwa mabomba mawili kwa kila nyumba: moja la maji ya kunywa, jingine la maji ya mto yaliyosafishwa kidogo kwa ajili ya choo, kufulia na bustani. Mwishoni mwa 2001 mabomba hayo yaliunganishwa kimakosa, maji ya mto yakaingia kwenye koki za jikoni, na watu wengi wakaugua kuhara na kutapika. Mwaka 2003 serikali ikapiga marufuku mifumo mikubwa ya namna hiyo majumbani.

Ndiyo maana jengo la California lenye mifumo miwili haliruhusiwi kuanza kuyatumia maji yaliyosafishwa upya kabla ya jaribio moja, la kuchosha lakini zuri sana. Kwanza mfumo wa zambarau unafungwa na kumwagwa hadi ukauke, na wa maji ya kunywa unaachwa na presha yake. Mafundi wanapita ghorofa kwa ghorofa wakifungua kila koki na kuvuta kila choo. Choo kinachopaswa kuwa kikavu kikitoa maji, mahali fulani ukutani mabomba yamekutana. Kisha wanageuza: maji ya kunywa yanafungwa na kumwagwa, ya zambarau yanatiwa presha, na safari inaanza upya kwenye kila sinki. Muunganiko ukipatikana, unafukuliwa na kukatwa, halafu mabomba ya maji ya kunywa yanajazwa klorini ya miligramu 50 kwa lita na kukaa nayo saa 24. Kila mwaka mfumo unakaguliwa kwa macho, na angalau kila baada ya miaka minne jaribio lote linarudiwa.

Kuna kipengele kingine ninachokipenda. Maji yaliyosafishwa yakipungua, jengo huongezea maji ya kunywa kwenye tenki la vyoo, na hapo mifumo miwili inalazimika kukaribiana. Basi bomba la maji ya kunywa linakatwa juu ya tenki, na maji yanadondoka hewani. Nafasi hiyo iwe angalau mara mbili ya kipenyo cha bomba: bomba la sentimita 5, sentimita 10 za hewa. Ni kama unavyomnawisha mgeni kabla ya chakula. Mdomo wa birika haugusi mikono yake wala maji ya kwenye beseni. Vali inaweza kuoza, lakini hewa haina cha kuoza.

San Francisco imekwenda mbali zaidi. Tangu 2015 majengo mapya yenye ukubwa wa meta za mraba 23,000 na kuendelea yalianza kulazimishwa kuwa na mfumo wake yenyewe wa kusafisha maji yaliyotumika na kuyatumia tena, na mwaka 2022 kiwango kikashushwa hadi takriban 9,300. Majengo ya makazi yanatakiwa kusafisha maji ya bafu, masinki na kufulia. Ya biashara yanatakiwa kusafisha majitaka yote, ya chooni yakiwemo. Kwa nini yabebeshwe mzigo mkubwa hivyo? Kwa sababu ofisini watu hawaogi wala hawafui. Wananawa mikono na kwenda chooni, basi. Maji ya kunawia hayatoshi kuvuta vyoo vya jengo zima, kwa hiyo choo kinapaswa kujilisha.

Na kipimo chake ni kikali. Kwa majitaka ya namna hiyo, kati ya virusi takriban milioni 316 vinavyoingia kwenye mtambo, kinachoruhusiwa kubaki ni kimoja. Kwa maji ya bafuni ni kimoja kati ya milioni moja.

Makao makuu ya mamlaka ya maji ya jiji hilo, ghorofa 13 zilizofunguliwa 2012, yanafanya kazi hiyo mbele ya macho ya watu. Vitanda vya mimea vimepangwa kando ya barabara na ukumbini mwa kuingilia. Chini ya majani, majitaka ya wafanyakazi yanajaa kwenye kokoto na kupwa, yanajaa na kupwa, kama bahari ufukweni, na vijidudu vilivyoshika kokoto vinakula uchafu kila maji yanaposhuka. Baadaye yanachujwa, yanamulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, yanatiwa klorini, na kurudi juu kwenye vyoo. Vinginevyo vyoo hivyo vingevutwa kwa maji ya bwawa la Hetch Hetchy, theluji iliyoyeyuka kwenye milima ya Yosemite na kusafirishwa zaidi ya kilomita 250.