Tiba Isisubiri Fomu: Afya ya Vijana Wanaotumikishwa Kingono

Kila zinapofika Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, tunapokea malalamiko yale yale: hapa Uganda, mzazi au mwenyekiti wa kijiji (LC1) amempeleka msichana aliyetendewa ukatili wa kingono kituo cha afya, naye akaambiwa arudi polisi kwanza akachukue fomu. Tiba haina sharti hilo. Fomu ya Polisi namba 3A ni ya ushahidi, haiuzwi, na inaweza kujazwa wakati mgonjwa ameshaanza kuhudumiwa.

Haraka hii ina sababu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU (PEP) huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120. Ikiwezekana, aliyetendewa asioge kabla ya uchunguzi, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi wala si kaveera (mfuko wa plastiki), kwa kuwa unyevu huozesha ushahidi.

Lakini kijana anayetumikishwa kwa muda mrefu, kama katika miji ya mpakani ya Busia, Malaba au Elegu, haji na tukio la jana. Huja akilalamikia tumbo la chini, ameandamana na mtu mzima aliyemshikia simu na anayejibu kila swali kwa niaba yake. Mhudumu amwombe huyo asubiri nje, bila mabishano. Kuanzia miaka 12 kijana anaweza kuridhia mwenyewe kipimo cha VVU. Apimwe pia kaswende, kisonono na ujauzito, apewe chanjo ya homa ya ini aina B, aulizwe kuhusu usingizi, pombe na mawazo ya kujidhuru, kisha apangiwe siku ya kurudi, kwa maana ziara moja haitoshi. Wavulana nao wamo, ingawa ni nadra mtu kuwauliza.

Wapo wanaosisitiza kwamba msichana "alikubali" kwa kuwa alipokea pesa. Tumelieleza hili mara nyingi: ridhaa ya aliye chini ya miaka 18 si utetezi. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamwadhibu anayemtumikisha mtoto kingono kwa faini isiyozidi pointi 100 za fedha, yaani shilingi 2,000,000 kwa kuwa pointi moja ni shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka 5. Na chini ya Sheria ya mwaka 2009 ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu, adhabu ya kumfanyia mtoto biashara hiyo inaweza kufikia kifo. Kikao cha ukoo na fidia ya mbuzi wawili havifuti kosa.

Anayesita kwenda polisi apige 116, laini ya Sauti ya kuwalinda watoto, ambayo haina malipo, ila asimcheleweshe mgonjwa nyumbani akisubiri majibu ya simu hiyo.